Kaburi Lisilozuriwa Huwa Ploti

Ukikaribia mwezi wa Mfunguo Sita, msomaji mpendwa, huku kwetu ng'ambo za kisiwa huanza hesabu. Likoni, Kisauni na Changamwe, kila mtaa una kundi lake la marafiki waliokuwa wakichangishana tangu Ramadhani ilipokwisha. Kila kundi lina mweka hazina wake, na kila mweka hazina ana daftari lake na ugomvi wake. Basi hukodiwa, mikeka hukunjwa, sufuria ya pilau hufungwa juu ya keria, na siku ya siku watu hutoka alfajiri kwenda Lamu kwenye Maulidi ya Msikiti wa Riyadha. Nimekwenda mara nyingi, na Mwenyezi Mungu akinipa uhai nitakwenda tena. Basi asije mtu akasema kwamba nayakashifu maulidi au nawabeza wayaendeao. Ninalotaka kulisema leo ni jingine, nalo limenikaa kooni muda mrefu kama mwiba wa samaki.

Twafunga safari ya zaidi ya kilomita mia tatu kwenda kuwazuru waliolala Lamu, na njiani twawapita waliolala milangoni petu bila hata kuwatolea salamu. Na mahali pasipozuriwa hapakai bure. Hupata mwenyewe mwingine.

Wenye umri wangu wa miaka hamsini na kitu wanakumbuka safari hiyo ilivyokuwa. Daraja la Kilifi lilifunguliwa mwaka 1991. Kabla ya hapo basi lilifika ukingoni, likashusha watu wote, likapanda feri, nasi tukavuka tumesimama huku watoto wakituuzia korosho za kukaanga. Kungojea feri kulikuwa ndiko shule yetu. Kulikuwa na mzee mmoja katika kundi letu, Mola amrehemu, aliyekuwa na bakora ya mpingo. Hapo ukingoni ndipo alipotusimulia habari za kila tulipopita. Akainua bakora akatuonyesha juu ya jabali, upande huu wa Mombasa: pale ndipo Mnarani, pana misikiti miwili ya kale na kaburi la nguzo ndefu ajabu, nao waliokaa hapo walikuwa Waislamu kama nyinyi. Tukatazama, tukatafuna korosho. Feri ikaja, tukavuka. Sikumbuki hata mara moja kwamba tulipanda kwenda kuyaona tuliyoonyeshwa. Daraja lilipokuja, hata kule kungojea kukaisha; sasa vijana huipita Mnarani wamelala, masikio yamezibwa na nyimbo za simu.

Riyadha yastahili safari, hilo halina shaka. Habib Swaleh bin Alawy Jamalil-Leil alitoka Ngazija akiwa kijana, akakaa Lamu, akafariki miaka ya 1930 hali jina lake limeenea pwani nzima. Watu humsifu kwa usharifu wake na kwa karama zake. Mimi humsifu zaidi kwa jambo moja: aliwafundisha dini watumwa na watoto wa watumwa wakati ambapo wakubwa wa mji waliliona jambo hilo kuwa ni kuwavunjia heshima. Akayaleta maulidi ya Simtud Durar, yaliyotungwa na Habib Ali al-Habshi wa Seiyun huko Hadhramaut, akayasoma kwa matari, na watu waliokuwa hawana mlango katika elimu wakapata mlango. Haya ndiyo yaliyomfanya kaburi lake lizungukwe na umati kila mwaka. Lakini waulize vijana wetu warudipo Lamu wamezuru nini. Watakutajia mashindano ya punda, watakutajia ngoma ya goma na halua, kisha watakuonyesha picha walizojipiga wao kwa wao. Habari ya watumwa hakuna aliyewapa. Ndani ya basi palikuwa na viti sitini na midomo sitini, na kwa muda wa saa nane hakuna aliyeifungua habari hiyo.

Fikira yangu hii ilianza mwaka 2014. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni mwezi wa Juni mwaka huo, njia ya Lamu ikawa nzito. Mabasi yakawa yenda kwa msafara wa polisi, na wake zetu na mama zetu wakatukataza. Maulidi yaliyofuata tulikaa barazani tunanung'unika. Watu wazima kumi na wanne, kati yetu mna walimu, mafundi, kuli mstaafu wa bandarini na mshairi mmoja ambaye ni mimi, na hakuna aliyewaza kwamba duniani pana mahali pengine pa kwenda. Usiku wa pili yake, mwenzetu mmoja wa Likoni akatuletea ubeti kwa simu, kila mtu wake:

Ndugu zangu Jumapili, tukutane kivukoni,
Tusichelewe kwa hili, jua lisije machoni,
Mwendo wenyewe si mbali, wa Tiwi na wa Diani,
Tuwazuru wa awali, wenye msikiti pwani.

Ubeti hauna makuu, lakini uliitwaa aibu yetu ukaitia katika vina. Tukaenda. Sisi wa Kisauni tulivuka daraja la Nyali, wa Changamwe wakaja kwa Makupa, tukakutana sote kwenye feri ya Likoni, tukaingia matatu moja.

Msikiti wa Kongo uko pale mto Mwachema uingiapo baharini, mpakani mwa Tiwi na Diani, ndani ya mibuyu mikubwa ambayo watu watatu hawaimalizi kuikumbatia. Umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa kwa mkono wa mafundi wa karne zilizopita, kuta nene, ndani baridi kama mtungi. Wala si gofu: hadi leo husaliwa. Tuliwahi adhuhuri. Nje palikuwa na mzee akifagia majani ya mibuyu, akatuamkua, akatuuliza twatoka wapi. Tukamwambia wengi wetu ni wa Likoni na wengine Kisauni na Changamwe.

“Likoni hii hii?” akasema. “Mimi nilidhani mwatoka nchi za mbali, kwa kuwa sijapata kuwaona.”

Hakusema kwa ubaya. Lakini mwenzetu wa Likoni, mtunzi wa ubeti, alikuwa na umri wa miaka hamsini na mbili, na kutoka nyumbani kwake hadi pale hapafiki saa moja. Alikuwa amekwishazuru Lamu mara kumi na tisa. Niliona uso wake.

Mwaka uliofuata zamu ilikuwa ya Kisauni, nasi tukawapeleka wenzetu Jumba la Mtwana, ng'ambo ya pili ya daraja la Mtwapa. Ni mji mzima wa karne ya 14 na ya 15 uliokufa, umelala chini ya miti mpaka ufukweni. James Kirkman, yule Mwingereza aliyeichimba Gedi, ndiye aliyeufyeka na kuuchimba mwaka 1972. Nyumba zingali na milango, na vyoo, na visima. Msikiti mkubwa uko karibu na maji kiasi kwamba bahari ikijaa huisikia kiblani. Ubavuni mwake pana kaburi lililochorwa aya ya Sura ya Aali Imran, ile inayokumbusha kwamba hapana nafsi isiyofikwa na mauti. Kuli wetu mstaafu, mtu asiyependa kusema, alikwenda kwenye birika la kutawadhia, akavua viatu, akatia unyayo juu ya mawe yaliyokwaruzwa ya kusugulia miguu. Akasugua. Kisha akasema peke yake, “Yangali makali.” Wengine tulikuwa tukisoma kibao cha maelezo. Nadhani yeye alizuru kutushinda.

Nataka nikae kidogo juu ya jina hilo, kwa sababu makundi mengi huliruka. Jumba la Mtwana maana yake ni jumba la mtumwa. Jina la asili la mji halijulikani tena. Lililobaki ni hili. Na sisi tulitoka Kisauni, na kila anayetoka Kisauni hupita Kengeleni. Kengele yenyewe ingalipo. Walioitundika ni wamisheni wa CMS, walioanzisha kijiji cha Freretown mwaka 1875 kuwaweka watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa, miaka miwili baada ya Sultani Barghash kutia sahihi mkataba wa kulifunga soko la Unguja. Kijiji kilipewa jina la Bartle Frere, aliyetumwa na Uingereza kuushughulikia mkataba huo. Kengele ilipigwa kuwaonya wakaaji wanapokuja watekaji. Sasa mimi niulize, nami ni mtoto wa chuoni niliyehitimu juzuu zote thelathini: watekaji hao walikuwa kina nani? Wengine walivaa kofia kama yangu. Nimesimama mbele ya kengele ile pamoja na wenzangu, na mmoja akasema hapa si mahali petu, hapa ni pa Wakristo. Nikamwambia lawama ya hapa ni yetu sisi, basi nasi tuna fungu. Alininunia mpaka Mtwapa. Lakini asiyetaka kusimama Kengeleni sijui atamzuru vipi Habib Swaleh, kwani kazi ya Habib Swaleh na kengele ile zahusu watu wale wale.

Sasa nije kwenye mwiba wangu.

Nilipokuwa mdogo, maalimu wetu wa chuoni alikuwa na desturi. Kila mwaka, siku za mwisho za Shaabani, hufunga chuo mapema akatutoa wote, wakubwa mbele na wadogo nyuma, tukafuata ufuko wa bahari upande huu wa kaskazini hadi penye kimsikiti cha kale kilichobaki kibla na nusu ya ukuta. Kando yake palikuwa na makaburi kumi na mawili. Wakubwa walichukua mapanga, wadogo kata za maji. Tukafyeka, tukamwagia maji, tukasoma Yasini, kisha tukala mahamri na mbaazi alizopika mke wake. Kabla ya kuondoka, maalimu alitusimamisha akatutajisha majina ya waliolala pale, moja moja, nasi tukiyarudia kwa sauti kama watu wanaosoma alfu na be. Majina hayo yeye alipewa na baba yake. Hayakuandikwa popote, si juu ya jiwe wala karatasini. Leo nayakumbuka saba.

Maalimu alipofariki chuo kikachukuliwa na mwingine, mtu mwema, lakini si mwenyeji wa pale, naye hakuijua desturi. Mwaka wa kwanza tukasema tutakwenda. Mwaka wa pili tukasema. Miaka ikapita ishirini na zaidi.

Baada ya safari ya Jumba nikawaambia wenzangu kwamba mimi nina mahali pangu. Nikawaongoza kwa kiburi kabisa, nikiwa na kata yangu mkononi. Tulikuta ukuta. Ukuta wa mawe, mrefu kupita mtu, una lango la chuma, na langoni pana kijana bawabu aliyetuita wazee wetu kwa adabu zote akatuambia, “Hapa ni mahali pa mtu.” Nilimweleza. Alisikiliza, akatazama nyuma, akaturuhusu watu watatu kwa dakika kumi. Kibla hakikuwapo. Makaburi niliyahesabu matano. Penye mengine saba pamemwagwa kokoto, na magari yalikuwa yameegeshwa.

Simtaji mwenye ukuta, na hata mahali penyewe sipataji. Nimeambiwa ana hati, nami naamini anayo. Nusu ya hasira yangu nimemwekea yeye. Nusu ya pili naiweka kwangu, kwa sababu nimelipima jambo hili usiku mwingi na silioni vingine. Aliyekuja kuitazama ardhi ile kabla ya kuinunua aliona nini? Aliona kichaka, na mawe ndani ya kichaka. Lau angewakuta watoto arubaini wamekaa juu ya mchanga wakisoma Yasini, na maalimu ana fimbo, angalau angeuliza swali. Na aliyeuza angelazimika kulijibu.

Hapa pwani tuna historia yetu katika mambo haya. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitoa sheria ya hati za ardhi za pwani: kila mwenye madai na ajitokeze adai kwa wakati uliowekwa, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali ya Mfalme. Wazee wetu wengi hawakujitokeza. Wao waliona mnazi, kisima na kaburi la babu vyatosha kuwa ushahidi. Kwao vilikuwa ushahidi kwa sababu kila mtu mtaani alikuwa akivijua na kuvizuru. Ushahidi usiojuliwa na mtu si ushahidi. Sisi leo sheria tunayo. Ile ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 yaweza kulilinda kaburi au msikiti wa kale. Lakini ofisi yoyote hulinda kilichoandikishwa, na cha kuandikishwa sharti pawe na mtu wa kusema kipo.

Najua wako wasomaji ambao tangu mwanzo wa makala haya wanatikisa vichwa. Wasema ziara za makaburi ni uzushi. Wanataja kwamba Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa safari haifungwi ila kwa misikiti mitatu, wa Makka, wake wa Madina na wa Baitul Muqaddas. Ni kweli amefundisha. Na ni kweli pia kwamba aliwakataza watu makaburi kisha akawaruhusu kuyazuru, kwa kuwa yakumbusha Akhera. Wanavyuoni wameyajadili hayo kwa karne nyingi, nami si wa kuyakata. Mwenye kwenda kumwomba maiti haja zake, mimi na yeye hatuko pamoja. Lakini namwomba ndugu yangu huyo amkumbuke Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu mwaka 1968. Hakuna aliyekuwa mkali kuliko yeye juu ya uzushi. Na ni yeye huyo huyo aliyeketi akaandika kitabu cha wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki, kilichotoka mwaka 1972: nani alizaliwa wapi, akasoma kwa nani, akafundisha wapi, akafa lini. Bila kitabu hicho mamia ya watu wangekuwa mawe matupu. Kabla yake, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, wa Mombasa hapa hapa, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932, naye alipiga vita uzushi, na wakati ule ule akawalilia Waislamu kwa kuisahau historia yao. Kuchukia ushirikina hakujapata kumlazimisha mtu awe mjinga wa kwao.

Na ujinga huu una bei nyingine, mbali na ploti. Asiyezuru kwake husimuliwa kwake na wageni. Kirkman alichimba Gedi tangu mwaka 1948, kazi kubwa, Mungu ampe haki yake. Kitabu chake cha mwaka 1954 juu ya msikiti mkuu wa pale akakiita kwa jina linalomaanisha mji wa Kiarabu wa Gedi. Kwa muda mrefu watoto wetu wakafundishwa hivyo: waliojenga ni Waarabu, sisi tulipita tu. Baadaye wachimbaji wengine, wakiwemo wenyeji wa nchi hii, wakaonyesha kwamba miji hii ilikua kutoka papa hapa, udongoni mwa watu wa hapa. Mwaka 2023 jarida la Nature likachapisha uchunguzi wa mifupa ya watu themanini wa kale, wengi wao wa miji ya pwani, na miongoni mwao mna waliozikwa Mtwapa. Ikaonekana ya kwamba mama zao wengi walikuwa Waafrika, na baba zao wengi walikuwa na asili ya Uajemi, na kuchanganyika huko kulianza kiasi cha miaka elfu iliyopita. Wazee waliotuhadithia habari za Washirazi hawakuwa wakibuni yote. Mimi nilifurahi kusoma, kisha nikaona haya. Wataalamu wa ng'ambo ya bahari waliwafikia watu wa Mtwapa kabla yangu, mimi ninayepanda matatu ya Mtwapa kila Ijumaa.

Kwa watu wa Changamwe nina neno mbali, maana wao hupenda kusema kwamba kwao hakuna ila reli, viwanda na malori. Hebu na wahesabu mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa. Thelatha Taifa ni Kilindini, Tangana na Changamwe. Tisa Taifa ni Mvita, Jomvu, Mtwapa, Kilifi, Pate, Paza, Shaka, Gunya na Katwa. Jina la mtaa ambao leo mwajua kwa moshi wake limekaa katika orodha ya wenye mji tangu enzi za mababu, na Jomvu Kuu, mji wa kale, uko pua na mdomo kutoka kwenu. Mwenye kuyasoma majina hayo kumi na mawili kama ratiba ya safari hatamaliza katika umri wake: Jomvu kwa mguu, Mtwapa kwa matatu, Kilifi kwa asubuhi moja, na Pate na Paza, mwisho kabisa, kwa mashua. Lamu imo njiani. Sikusema iachwe.

Wanaouliza twaendaje, jibu ni kwamba twaenda wachache. Basi la watu sitini ni harusi. Haliwezi kumsikiliza mtu mmoja. Sisi tumeona kumi na wanne ni kiasi, na katika hao sharti awepo mmoja mwenye habari za mahali, hata kama ni mtu wa kuchosha, na kijana mmoja mwenye kuandika. Twalipa kiingilio panapolipishwa, twaomba ruhusa pasipo na lango, hatuokoti kigae. Kigae cha kauri ya Kichina kikitiwa mfukoni kikapelekwa kabatini Kisauni hakisemi tena neno lolote. Mwanzo tulikwenda wanaume watupu, na hilo lilikuwa kosa letu la kipumbavu. Mwaka wa tatu dada zetu walikuja, na shangazi wa mmoja wetu, ajuza aliyebebwa mgongoni kutoka barabarani, ndiye aliyelijua kaburi ambalo sisi sote tulilipita tukidhani ni tuta la mchwa. Alijua kwa sababu wanawake walikuwa wakienda pale wao kwa wao, siku zao, bila kutuaga.

Yale majina saba nimeyaandika, nikayatoa nakala, nikawapa watu watatu wa mitaa mitatu mbali mbali. Wako wenzangu wa chuoni waliotawanyika, mmoja yuko Maskati, mwingine Tanga. Nimewapigia simu kuwauliza yale matano yaliyonitoka. Wa Tanga alikumbuka mawili, akayasema kwa sauti ile ile ya maalimu. Tumefika tisa. Kama kuna msomaji wa makala haya aliyesoma chuo kile na kufuata ufuko ule na kata ya maji, ananijua mimi ni nani na anajua pa kunikuta baada ya magharibi. Na Shaabani hii tutakwenda tena langoni. Bawabu amebadilishwa, lakini wa sasa naye ni mtoto wa watu, amekwisha kusema tuje mapema kabla ya magari. Tumekodi gari la viti kumi na vinne. Vitatu bado vitupu.